Mhuri wa Mti

Mimi naigiza watu. Naigiza direkta, mkuu wa shule yetu ya lise, anavyopandisha suruali kabla ya kukasirika, naigiza mwalimu wa Kifaransa anavyofumba macho akitafuta neno ambalo hata yeye halijui, naigiza mbuzi wa jirani akipiga chafya. Nimefukuzwa darasani mara mbili nikaambiwa nirudi na mzazi. Mzazi alikuja, akaomba msamaha kwa adabu zote, na tulipokuwa njiani tunarudi nikamwigiza yeye mwenyewe anavyoomba msamaha. Akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Mzazi huyo ni mama yangu. Baba yuko ng'ambo ya ziwa, mji wa Baraka huko Kongo, anapasua mbao, na huja kwa Idi ikiwa ziwa na moyo wake vimekubaliana. Kwa hiyo nyumbani tuko wawili, Mama na mimi, na katika watu wote ninaowaigiza, Mama ndiye nilikuwa namweza kuliko wote. Anavyonusa mafuta kabla ya kusema yameiva. Anavyonitazama kwa jicho moja akijua nadanganya. Nayasema haya mapema kwa sababu kulikuwa na miezi minne ambayo sikuweza kumwigiza hata mara moja.

Mama anafanya kazi kwenye mashine ya mawese upande wa Kizuka. Ukisikia mashine usifikiri injini. Ni pipa nene la chuma lililosimikwa ardhini, ndani lina meno ya kuponda ngazi zilizochemshwa, yaani yale matunda ya mchikichi, na juu yake umelazwa mti mrefu. Wanawake wanne wanausukuma ule mti, wawili upande huu na wawili upande ule, wakizunguka na kuzunguka mpaka ngazi ziwe uji wa kwenda kukamuliwa. Mikono peke yake haitoshi. Mti unasukumwa kwa kifua. Ndiyo maana kila mwanamke wa pale ana alama nyeusi juu ya titi, mahali mti unapokaa. Wenyewe wanaiita mhuri. Asiye na mhuri anaambiwa anasukuma kwa mdomo.

Mama alikuwa na mhuri wake upande wa kushoto. Jioni nilikuwa nampashia mawese kidogo ndani ya kifuniko, namsugua. Siku moja vidole vyangu vilipita juu ya kitu kigumu chini ya ngozi, kidogo, kama kokwa ya ngazi ukiisha kuinyonya nyama yake.

"Inauma?"

"Haiumi. Ni mti huo. Sugua."

Nikasugua. Nani angefikiri jambo lingine? Pale mashineni, titi likivimba ni mti, mgongo ukiuma ni mti, hata mtu akikosana na mumewe wanasema ni mti.

Halafu mvua zilipoanza, jino moja la mashine likavunjika. Fundi akasema siku tatu. Fundi wa kwetu akisema siku tatu, ujue hajaanza hata kukumbuka mahali alipoweka spana. Ziliisha wiki tatu mashine imelala. Wanawake walikaa majumbani, wakasuka nywele, na mihuri yao ikafutika mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanaoneshana wakioga, wakicheka kwamba wamekuwa wasichana tena. Mhuri wa Mama nao ulifutika. Weusi uliondoka wote. Kokwa ikabaki.

Mimi nikatania. "Mama, wewe ulipigwa mhuri wa serikali. Huo haufutiki." Akacheka. Maneno hayo bado yananirudia siku nyingine nikiwa nafua nguo.

Watu wa mtaa wanasema eti mimi ndiye nilimwambia aende kuangaliwa, kwamba nina akili. Si kweli, au ni kweli kwa upande usiofaa. Siku hiyo kulikuwa na mtihani wa hesabu na mimi nilikuwa sijui kitu. Nikamwambia Mama, "Twende kituo cha afya wakuangalie ile kokwa, mimi nitakusindikiza." Nilitaka karatasi ya muuguzi ya kuonesha shuleni. Karatasi niliipata. Lakini muuguzi alipomshika Mama aliacha kuongea na mwenzake, akashika tena, pole pole, halafu akaandika barua ya kwenda Bujumbura.

Bujumbura walimpiga picha ya titi, wakamchoma sindano ya kuchukua kipande, wakatuambia turudi baada ya majuma mawili. Tuliporudi, daktari alikuwa mwanamke kijana, karibu umri wa dada yangu mkubwa kama ningekuwa naye. Alieleza kwa Kirundi, halafu akaanza upya kwa Kiswahili, kama anayekunja nguo mara ya pili ili ikae vizuri. Ni kansa. Ni ndogo. Inaonekana haijafika kwapani. Wataliondoa titi, halafu kuna dawa za kufuata. Akatupangia Jumanne, si ya wiki ile, ya wiki iliyofuata.

"Mumekuja mapema," akasema. "Wengi wanakuja wamechelewa. Nyinyi mumekuja mapema."

Mama akasema "Murakoze," asante tu, vile anavyosema akirudishiwa chenji.

Njia yote ya kurudi ziwa lilikuwa kulia kwetu na hakuna aliyelitazama. Tulipofika nyumbani alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakaa mkekani.

"Sikatwi," akasema.

"Mama..."

"Mama wa nyumba ya tatu alienda kukatwa. Alirudi ndani ya nini?"

Alirudi ndani ya sanduku, hilo nilikuwa nalijua, nililifuata hadi makaburini. Lakini nilijua pia kwamba yule alikwenda akiwa na kidonda, na kwamba kabla hajaenda watu walikuwa wanapita mbali na mlango wake kwa sababu ya harufu.

"Yule alichelewa. Wewe wamesema mapema."

"Mapema ya kwenda kaburini, ndiyo." Akakifungua kitambaa, akakikunja upya. "Na kama sikufa? Nitakuja kusukuma mti na nini? Nani anaweka nusu ya mtu kwenye mti?"

Nilijaribu utani, ndiyo kazi yangu. Nilimwigiza daktari, nikamwigiza kondakta wa basi tulilopanda, nikamleta hadi mbuzi. Mama alikuwa ananisikiliza kama redio iliyo nyumba ya jirani. Halafu nikafikiri nimwigize yeye, anavyonusa mafuta, maana hilo halijawahi kushindwa. Nilisimama katikati ya chumba, pua juu, na mwili ukagoma. Ilikuwa kama naandaa mahali pa kumkumbukia. Nikakaa chini nikasema nimesahau.

Akanikataza kumwambia mtu. Mashineni wakiuliza, ni malaria.

Jumamosi nilikwenda kushika nafasi yake, kwa sababu mti ukisukumwa na watatu unavuta upande mmoja. Jumanne ilikuwa imebaki siku tatu. Upande wetu tulikuwa wawili, mimi na bibi mmoja ambaye lazima nimweleze.

Bibi huyu alirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Anasema "samahani" hata kwa kuku. Sisi tukisema "iko namna gani?" yeye anauliza "hujambo, mjukuu wangu?" na anangoja jibu. Na anasukuma mti vibaya. Wengine wanasukuma kwa kifua chote, yeye anaweka bega la kushoto tu, mkono wa kulia ameukunja tumboni, shingo imelala, anakwenda ubavuubavu kama kaa wa ziwani. Kumwigiza yeye ilikuwa sinema yangu ya pili kwa ubora baada ya Mama. Nilikuwa nairusha nyuma ya mgongo wake, na Mama ndiye alikuwa anacheka zaidi.

Tulipopumzika, bibi alikwenda kuteka maji. Mwanamke mmoja anayetoka Kigwena, mwenye mdomo kuliko wote, akanipigia makofi.

"Wee mutoto, tufanyie sinema, tumechoka."

"Nifanye nani?"

"Mama yako. Vile ananusa mafuta."

"Mama iko na malaria, hanusi."

"Basi fanya kaa wetu."

Nikafanya. Bega mbele, mkono tumboni, shingo chini. Nikaongeza "samahani, samahani" kwa kila hatua. Walicheka, kisha kicheko kikaanza kupungua, mmoja, mwingine, kama taa za mtaa zinavyokatika. Mimi nikaendelea kuzunguka. Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama na ndoo yake.

"Samahani," akasema. "Mjukuu, njoo unisaidie kuni."

Nyuma ya mashine kuna mlima wa makapi ya ngazi yanayokauka kwa ajili ya moto. Tukasimama hapo. Nilikuwa natafuta ni upande gani wa uso nimpe apige.

"Bibi, nisamehe."

"Sikukuita nikupige. Nimekuona siku zote ukinifanya. Unanifanya vizuri." Akaweka ndoo chini. "Nataka kujua kwa nini leo unanifanya huku unalia."

Nilijigusa shavu. Lilikuwa limeloa. Nikamwambia yote, kwa haraka, kama mtu anayetapika: kokwa, sindano, Jumanne, sikatwi. Aliniuliza mambo matatu tu. Upande gani. Ukubwa gani. Wamesema imefika kwapani au bado. Halafu akauchukua mkono wangu akauweka juu ya kifua chake, upande wa kulia.

Kulikuwa na kitambaa. Kitambaa kilichokunjwa kikakunjwa tena, kimeshikwa na pini. Nyuma ya kitambaa kulikuwa na mbavu.

"Nilikatwa kule, tulipokuwa kambini. Mwaka huu ni wa kumi na nne. Mkono huu hauna nguvu nyingi, ndiyo maana naulaza. Siyo baridi yabisi kama mnavyosema."

"Nani anajua?"

"Mungu. Na mume wangu, naye ameshakwenda kwa Mungu, kwa hiyo bado ni mmoja. Sasa na wewe. Bahati yangu mbaya."

Ningecheka kama ningekuwa na nafasi ya kicheko. "Bibi, njoo umwambie Mama."

Akautoa mkono wangu. "Unajua unachoniomba? Kesho watasema mafuta yangu yana ugonjwa. Mimi niliporudi nilikuta shamba la baba yangu linalimwa na watu wengine. Sina mchikichi hata mmoja. Nina ule mti pale, basi."

Akachukua ndoo, tukarudi kusukuma. Mchana wote nilikuwa ubavuni kwake, na kwa mara ya kwanza nikamtazama bila kumwigiza. Alikuwa anasukuma kuliko mimi. Mimi mwenye mikono miwili na matiti mawili, hata kama bado hayajaamua, nilikuwa navutwa na mti tu.

Jumapili baada ya misa yao akaja nyumbani. Alibeba sufuria ya sombe yenye ndagala, yeye anaita kisamvu na dagaa, na ugali uliofunikwa kwa sahani.

"Amahoro. Nimekuja kumwona mgonjwa wa malaria."

Mama aliinuka, akajitanda kanga. "Karibu, dada. Siku hizi iko nzuri kidogo."

Walikaa. Walizungumza juu ya mvua, juu ya fundi. Mimi nilikuwa mlangoni nahesabu Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Halafu bibi akageuka.

"Mjukuu, fanya sinema."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mama akashtuka. "Dada, usimusikilize huyu mutoto, hana adabu, nitamuchapa mimi..."

"Nimesema afanye."

Nikafanya. Miguu ilikuwa mizito kama nimevaa matope, lakini nikafanya: bega, mkono tumboni, ubavuubavu kutoka mlangoni hadi kabatini. "Samahani, samahani." Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Halafu kikamtoka, kile kicheko chake cha kukosa pumzi, na bibi naye akacheka, wakawa wanacheka wote wawili na mimi ndiye peke yangu niliyekuwa sicheki. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu Bujumbura.

"Unajua kwa nini nasukuma hivyo?" bibi akauliza, bado anajifuta macho.

"Tulifikiri ni baridi yabisi."

"Si baridi yabisi." Akanitazama. "Samahani, mjukuu. Naona maji ya kunywa yamekwisha."

Mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Niliubeba nje, nikamwaga yote kwenye mgomba ili nisiwe mwongo, nikaenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu na sikugombana na mtu hata mmoja, jambo lililowatia watu wasiwasi.

Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikakaa chini ya dirisha. Sisemi kwamba ni adabu.

"Na miaka yote hii uko unasukuma?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama.

"Miaka yote hii."

"Upande wangu."

"Upande wako. Na wewe ukinilalamikia kwamba nakukimbiza."

Halafu nikasikia Mama analia. Tangu tutoke hospitali alikuwa hajalia. Alilia kama mtu anayeshusha mzigo uliokaa kichwani mpaka shingo ikauzoea, kwa kuguna. Bibi hakusema nyamaza. Alisema, "Ee. Ee. Ndiyo," mara nyingi, kama anaitikia hesabu.

Mlango ulipofunguliwa, Mama alinitazama kwa jicho lile moja.

"Jumanne utavaa ile gauni ya Idi. Haunipeleki Bujumbura na sare iliyochanika."

Walimkata Jumanne hiyo. Masaa yale sitayaandika, maana sikuyaona, nilikuwa nje nimekaa nahesabu matofali ya ukuta, na nikifika mwisho naanza tena. Alipotoka alikuwa na bandeji kubwa na mpira wa kutolea maji ubavuni, midomo mikavu. Neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Jicho moja likafunguka. Nikasema hapana.

Kwetu mgonjwa analishwa na watu wake. Kirundi kinaita kugemura, kumpelekea chakula hospitalini, na asiyegemuriwa anajulikana wodi nzima. Mimi nilikuwa napika uani mwa hospitali, ugali wangu ulikuwa na uvimbe mkubwa kuliko ule tuliokuja kuutibu. Nilimwambia Mama hivyo, na akaniambia nisimchekeshe, mshono unavuta. Ijumaa mlangoni akaonekana yule mwanamke wa Kigwena na masufuria, nyuma yake bibi. Harufu ya ndagala iliingia kabla yao. Muuguzi akafungua dirisha.

Ndipo nikajua yaliyotokea mashineni. Jumatatu, kabla hawajaanza kusukuma, bibi alisema, "Samahani, jamani," akawaeleza, akaonesha. Wakashika mti, wakazunguka mzunguko mzima.

"Mimi nikasema," yule wa Kigwena alimwambia Mama, akimkatia ugali, "kumbe huyu kaa anatusukuma na titi moja, na sisi wenye mawili tuko tunalia tumechoka? Tumepata haya. Siku ile tulikamua kuliko siku zote."

Mama akauliza, "Na nafasi yangu?"

"Tumefunga kitenge chako kwenye mti, pale unashikiaga. Mutoto wa dada yangu anasukuma, lakini anashika pembeni ya kitenge. Juu yake hashiki."

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Mteja mmoja aliacha kununua kwa bibi. Bibi hakumfuata wala hakumsema. Baada ya wiki tatu alirudi na madumu yake, hakueleza kitu, na bibi akamwambia, "Samahani, leo umechelewa kidogo, yaliyo safi yamekwisha." Yalikuwepo. Nilikuwa nimeyakalia.

Mama amekwenda Bujumbura mara kadhaa kwa dawa ya kwenye mshipa. Nywele zimenyonyoka. Siku za dawa anakaa mlangoni na beseni na hataki nimtazame. Daktari yule kijana anasema hadi sasa inakwenda vizuri, na akisema "hadi sasa" naona Mama anakaza fundo la kanga. Mti bado hajaruhusiwa kuusukuma. Kwanza mkono. Kila asubuhi anasimama mbele ya ukuta wa chumbani, vidole vya kushoto vinatembea kupanda ukuta kama buibui mzee, mpaka vinapogoma, na mimi naweka mstari kwa chaki. Chaki ni ya shule. Direkta akitaka aje aichukue.

Wiki iliyopita nilikuwa namfanyia sinema ya mwalimu wa Kifaransa. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Mbona mimi haunifanyi tena?"

"Nani amesema?"

"Tangu Bujumbura ya kwanza. Direkta unamufanya, dada wetu wa mashine unamufanya, hadi mbuzi. Mimi nimekufa?"

Sikuwa najua kwamba anahesabu. Nikasimama. Sikuenda kwenye pua na mafuta, hayo ni ya zamani. Nilikwenda ukutani. Nikalaza bega la kushoto, nikakunja uso, nikapandisha vidole kimoja kimoja nikinung'unika, "Iko karibu, iko karibu, mutoto usinihesabie." Mama alinitazama mpaka mwisho bila kucheka.

"Siyo hivyo," akasema. "Bega liko chini zaidi. Na mimi sikunji uso."

"Unakunja."

"Sikunji. Toka hapo."

Akainuka mwenyewe, akanisukuma pembeni kwa nyonga, akaweka vidole ukutani kunionesha. Vikapanda. Uso ulikuwa umekunjika wote, sikusema. Vikafika kwenye mstari wa jana, vikasimama kidogo, vikapita.

Nikaanza kutafuta chaki.